Kikoba chetu: mbona Python inasema wote wamelipa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikoba hapa Morogoro, tuko wanachama 18. Nimeandika programu ya Python inayosoma faili la michango. Safu ya mwisho nimeweka True kwa aliyelipa na False kwa ambaye bado. Nikiipima kwa bool(safu), yaani kuiuliza Python kama ni kweli au uongo, wote 18 wanaonekana wamelipa, na sandukuni hela za watu wanne hazimo. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, katibu. Ulichosoma kwenye faili ni maandishi. Hiyo False yako ni herufi tano tu, na kwa Python maandishi yakiwa na chochote ndani, hata nafasi tupu, huhesabiwa kuwa kweli. Uongo ni maandishi yasiyo na kitu kabisa. Ndiyo maana bool("False") inatoa True, na bool("0") vilevile. Linganisha mwenyewe:

amelipa = safu.strip() == "True"

Hiyo strip usiiache. Safu ya mwisho huja na alama ya mstari mpya, na bila kuiondoa, waliolipa wote watageuka wadaiwa.

Sasa nikuonye jambo ambalo bado linaniuma. Nilipokuwa mweka hazina wa kikundi chetu, niliandika "if mchango:" nijue nani ameshaandikwa daftarini. Mama mmoja alikuwa amefiwa, tukamsamehe mwezi ule, nikamwandikia 0. Namba 0 kwa Python ni uongo, kama ilivyo None, yaani hakuna thamani. Programu ikamweka kwenye orodha ya wasioleta taarifa, jina likasomwa mbele ya kikao. Nilikwenda kwake jioni ile ile kumwomba radhi. Tangu hapo, kwenye hela za watu naandika "if mchango is not None:", kwa sababu sifuri ni jibu, na kukosekana kwa jibu ni kitu kingine. (Kwenye Ruby, lugha nyingine ya programu, 0 ni kweli, kwa hiyo usihamishe kanuni hii bila kuuliza.)

Aina ya bool iliingia Python toleo la 2.3, mwaka 2003, ikazaliwa ndani ya namba kamili: True ni 1, False ni 0. Hilo litakufaa. Weka majibu yote ya amelipa kwenye orodha, uyajumlishe kwa sum. Ukipata 14, hesabu yako na sanduku vimepatana.