Maswali na Majibu: Kuunganisha Picha Nyeusi na Nyeupe kwa Biti

Swali: Nina picha ya barua na picha ya muhuri, zote za wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Nimeziunganisha katika programu kwa alama ya | ("au" ya biti kwa biti), na maandishi karibu yote yametoweka. Kwa nini?

Jibu: Kila pikseli, yaani nukta ya picha, huhifadhiwa kwa biti nane, ambazo ni tarakimu za 0 au 1. Nyeupe huhifadhiwa kama 255, yaani biti zote nane ni 1, na nyeusi ni 0. Alama ya | huacha 1 hata kama ni picha moja tu iliyo nayo, kwa hiyo weupe wa karatasi ya muhuri umefuta wino wa barua, na weupe wa barua umefuta muhuri. Kilichosalia ni pale wino ulipokutana na wino. Tumia & ("na" ya biti kwa biti), ambayo huleta 0 popote penye 0. Alama ya | inafaa michoro myeupe iliyo juu ya weusi. Ni muhimu sana kujiuliza kwanza rangi ipi imebeba maandishi, kwa kuwa alama yenyewe haijui wino ni upi.

Swali: Sasa nimetumia &, lakini kingo za herufi zina madoa ya kijivu.

Jibu: Picha zako bado zina kijivu ndani yake, kwani skana na mbano wa JPEG huzalisha thamani za katikati kandokando ya herufi. Ukifanya 200 & 100 hupati wastani wala namba iliyo ndogo: 11001000 na 01100100 zina 1 kwa pamoja mahali pamoja tu, na jibu ni 64. Kabla ya kuunganisha, kila pikseli inayozidi 127 iwe 255, nyingine zote ziwe 0, kisha matokeo uyahifadhi kwa PNG, ambayo haibadilishi thamani kama JPEG.

Swali: Alama ya ~ imeigeuza picha yangu yote kuwa nyeupe.

Jibu: Alama ya ~ hugeuza kila biti, 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. Bila shaka ulitumia 1 kwa nyeupe badala ya 255. Katika biti nane, ~0 ni 255 na ~1 ni 254, na jicho halizitofautishi.

Swali: Je, ^ ina kazi gani?

Jibu: Hulinganisha biti kwa biti. Pikseli zinazofanana huwa nyeusi, zinazotofautiana huwa nyeupe, hivyo herufi iliyobadilishwa kati ya nakala mbili za ukurasa hujitokeza mara moja, mradi kurasa zilingane barabara. Zikipishana kwa pikseli moja tu, kingo za kila herufi zitang'aa.