Tengu hawakushuka toka mbinguni, walizaliwa milimani na kwenye mahekalu

Swali la wiki mliuliza hivi: tengu, wale majini wa milimani wa Japani wenye uso mwekundu na pua ndefu, asili yao ni wapi, China, India au Japani penyewe? Jibu langu ni Japani penyewe, tena kwenye milima na mahekalu yake, na naandika kirefu maana hili swali wengi wanalijibu kwa mstari mmoja tu, "wametoka China", basi wameondoka, na hapo wanakuwa wametaja jina, mwenye jina bado hawajamgusa.

Tuanze na hilo jina kwa sababu lina ukweli wake. Wachina wa kale walikuwa na kitu wanakiita tiangou, yani mbwa wa mbinguni, na mwanahistoria wao mkubwa Sima Qian anakieleza kama nyota kubwa inayokimbia angani ikiunguruma, afu ikitua chini inafanana na mbwa, kwetu sisi hicho ni kimondo. Sasa mwaka 637 kimondo kikubwa kikapita juu ya Japani toka mashariki kwenda magharibi na kishindo kama radi, watu wakachanganyikiwa, wengine wanasema ni sauti ya nyota wengine wanasema ni ardhi inanguruma, ndo mtawa mmoja wa Kibudha anaitwa Min akasema hapana, hii sio nyota, huyu ni tengu na huo mlio ni kubweka kwake. Huyu Min alikaa kusoma China toka 608 mpaka 632, kwa hiyo alichokisema ni elimu aliyorudi nayo. Habari hiyo imo kwenye Nihon Shoki, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 720. Baada ya hapo kimya. Inapita miaka mia tatu hivi ndo tengu anaanza kuonekana tena kwenye maandishi, na akirudi sio mbwa tena wala hakai angani, yuko msituni juu mlimani, hana uhusiano wowote na nyota. Ndo maana nasema China ilitoa jina. Kiumbe mwenyewe ni mwingine kabisa.

Karibu robo tatu ya Japani ni milima, na zamani mtu wa kawaida hapandi mlima hivi hivi, kule ni kwa miungu na kwa wafu, anaeenda ni mkata miti, mchoma mkaa na mwindaji, na hao wakirudi wanarudi na stori. Kuna ile ambayo imesimuliwa sehemu nyingi za Japani mpaka ikapewa jina lake, tengu-daoshi: wakata miti wamelala kwenye kibanda chao porini, usiku wa manane wanasikia shoka linapiga, ko, ko, ko, afu mti unapasuka, unalalia matawi ya mwenzake, unaanguka chini kwa kishindo mpaka kibanda kinatikisika, asubuhi wanaenda kuangalia hakuna mti hata mmoja ulioanguka. Kuna na mawe yanayorushwa toka gizani bila mrushaji, kuna na kicheko kikubwa kinachotoka bondeni. Kwenye hadithi moja ya karne ya 10 watu wanasikia muziki mzuri unatoka ndani kabisa ya msitu wa mlimani, na mmoja wao anasema nani apige muziki mahali kama pale, hao watakuwa tengu tu. Mimi naona hapa ndo mzizi wenyewe. Mlima unatoa sauti ambazo mtu hawezi kuzieleza, afu jina la zamani la kitu chenye sauti ya kutisha lipo, limekaa vitabuni halina kazi, basi watu wakalichukua wakampa aliyeko mlimani.

Mwili wake wa kwanza sio wa mtu mwenye pua ndefu, ni wa mwewe. Hili naomba lizingatiwe maana picha za siku hizi zinawapoteza watu. Yule mwewe wa Japani, tobi, ni ndugu kabisa wa mwewe wetu huyu anaenyakua vifaranga uwanjani na samaki feri, na hata leo kwenye fukwe za karibu na Kamakura watu wananyang'anywa mkate mkononi na hao ndege. Kwenye Konjaku, mkusanyiko wa hadithi zaidi ya elfu moja wa karne ya 12, kuna kisa cha enzi za mfalme Daigo, pale Kyoto, mji mkuu wa wakati huo, kulikuwa na mti mkubwa wa matunda ila hauzai, siku moja Buddha akatokea kileleni mwa huo mti anang'aa na maua yanamwagika, mji mzima ukahamia pale, matajiri na maskini wanasukumana waabudu, siku ya sita ya saba hivi waziri mmoja mkubwa akasema Buddha wa kweli hawezi kukaa juu ya mti namna hii, akavaa rasmi, akapanda gari lake la ng'ombe, akafika pale akamkazia macho. Hapepesi. Anaangalia tu mpaka muda mrefu ukapita, na yule Buddha akaongeza mwanga, akaongeza maua, ikashindikana, ghafla akaanguka chini puu, ni ndege wa jamii ya mwewe amevunjika bawa anagaragara, watoto wakampiga mpaka akafa. Waziri akarudi zake nyumbani.

Sasa angalia huyo tengu anafanya nini pale. Hali watu wala hagawi magonjwa. Anajifanya Buddha! Na ukizisoma hizo hadithi za Konjaku, tengu adui yake ni dini ya Budha na anaowawinda zaidi ni watawa, kuna mmoja wa mlima Ibuki, mtu mwema sana, yeye ni kumtaja tu Amida, Buddha anaeaminika kuwapokea wafu peponi, mchana na usiku ila elimu hana, siku akaja kuchukuliwa na Amida na muziki na wingu na mwanga, akaondoka nae kwa furaha, wiki moja baadae vijana wa hekaluni wameenda kuchanja kuni wanasikia mtu anaimba sala juu kabisa ya mti, kupanda wanamkuta ni mwalimu wao yuko uchi amefungwa kamba, na wakimfungua anawagombeza, mbona mnaniua, Buddha ameniambia nisubiri hapa. Akili haikurudi, akafa baada ya siku chache. Kisa hiki kinaniuma kila nikikisoma, maana yule mzee hakuwa na kosa zaidi ya kutaka sana kile alichoahidiwa.

Waliokuwa wanasimulia na kuandika haya ni akina nani? Inaaminika wengi wao ni watawa wenyewe. Na mahekalu ya wakati huo yalikuwa na mashamba, fedha na majeshi, mwaka 1081 watawa wa mlima Hiei walilichoma moto hekalu la Onjoji na wote ni wa madhehebu moja ya Tendai, na haikuwa mara ya mwisho. Katika hali hiyo ikazaliwa fikra ambayo kwa maoni yangu ndo ilimfanya tengu awe tengu: mtawa aliyesoma sana lakini ana kiburi, akifa motoni haendi kwa sababu alisoma maneno ya Buddha, peponi pia haendi kwa sababu ya kile kiburi, basi anaangukia njia ya katikati, njia ya tengu, anaota mabawa na mdomo wa ndege na elimu yake yote anaondoka nayo ila haimfikishi popote. Mwaka 1296 zikachorwa picha ndefu za kukunja, Tengu Zoshi, zinawaonyesha watawa wa mahekalu makubwa kabisa ya nchi, yametajwa kwa majina, wamevaa kanzu zao vizuri na midomo ya mwewe imetokeza. Hapo hakuna China wala India, hao ni Wajapani wanasemana wao kwa wao.

Na sio watawa tu. Mfalme mstaafu Sutoku alishindwa vita ya mwaka 1156 akahamishiwa Sanuki, kwenye kisiwa cha Shikoku, masimulizi yanasema huko alinakili vitabu vitakatifu kwa mkono wake akavituma Kyoto vikakataliwa, akaacha kukata nywele na kucha, akaapa kwa damu yake kuwa jini la kuisumbua nchi, akafa 1164, na baadae watu wakasema wamemuona kwenye kikao cha tengu mlima Atago wa Kyoto ana umbo la mwewe wa dhahabu. Msifikiri hii ilibaki kuwa hadithi ya jioni, mwaka 1868 mfalme Meiji kabla ya kutawazwa alituma mjumbe mpaka Sanuki kumuomba Sutoku arudi Kyoto, akajengewa hekalu pale, Shiramine. Miaka mia saba na zaidi imepita na bado serikali inaona huyu mzee tumalizane nae kwanza.

Mavazi sasa. Ukiangalia tengu yoyote ana kikofia kidogo cheusi kimefungwa juu ya paji la uso, ana yale mashada ya nyuzi kifuani, hayo ni mavazi ya yamabushi, watu wa Shugendo, dini ya kutafuta nguvu kwa kupanda milima, hawa wanasimama chini ya maporomoko ya maji ya baridi, wanapuliza kombe kubwa la baharini likasikika mabonde matatu, na kule mlima Omine mpaka leo mgeni anafungwa kamba anatolewa kichwa chini nje ya jabali, chini ni korongo, anaulizwa utawaheshimu wazazi wako? anajibu akiwa vile vile ananing'inia. Watu wa bondeni walikuwa wanawahitaji hao kwa dawa na dua na hapo hapo wanawaogopa, na watawa wa mjini walikuwa hawawapendi. Mtu anaeshuka toka mlimani ana nguvu ambazo hujui kazipataje, anajivunia nguvu zake, haeleweki ni wa hekalu gani, ni rahisi kusema huyu ni tengu. Ila wao yamabushi waliligeuza lile jina, wakasema ndio, tengu ni walinzi wa milima yetu, na kuanzia hapo unaanza kusikia tengu wema na wenye majina, kama Sojobo wa mlima Kurama anaesemwa alimfundisha upanga shujaa wa vita Minamoto no Yoshitsune akiwa bado mtoto. Bila hawa watu tengu angebaki ndege tu. Inasikitisha kwamba mwaka 1872 serikali ilipiga marufuku Shugendo, na ingawa baadae ilirudi, mengi waliyokuwa wanayajua yakapotea.

Kuhusu pua nitasema kifupi. Imekuja nyuma, baada ya mdomo wa ndege, na mimi naamini imetoka kwenye vinyago: mwaka 612 mtu wa Baekje kule Korea alileta Japani michezo ya kucheza na vinyago, na ndani yake kuna sura za mapua makubwa na kuna Karura, ambae ni Garuda wa India, mtu ndege, hapo India nao wanapata sehemu yao. Afu kuna mungu Sarutahiko, ambae Nihon Shoki inasema pua yake ndefu shubiri saba, na kwenye maandamano ya Kishinto, dini ya asili ya Japani, yeye ndo anaetangulia mbele na kinyago chekundu cha pua ndefu, ni kile kile cha tengu. Ukifika Tokyo panda mlima Takao, mita 599 tu, kwenye hekalu la Yakuoin utawakuta wote wawili wamesimama, mwenye pua na mwenye mdomo wa ndege. Mwenye mdomo ndo mkubwa kwa umri.

Kitu cha mwisho ambacho sioni kikitajwa ni watoto. Vijijini mtoto akipotea walikuwa wanasema amechukuliwa na tengu, wanazunguka na ngoma wakimuita, na kuna sehemu waliamini tengu anachukia samaki aina ya vibua, ukisema tu umekula vibua anakuacha. Mwaka 1820 msomi mkubwa wa Edo, ndo Tokyo ya leo, anaitwa Hirata Atsutane, alimsikia kijana anaitwa Torakichi anaesema toka ana miaka saba alikuwa anachukuliwa na mzee muuza dawa wa pale Ueno, mzee ambae jioni akifunga biashara anaweka bidhaa zake kwenye chungu kidogo afu na yeye mwenyewe anaingia humo humo na chungu kinaruka. Hirata hakumfukuza, alimkaribisha nyumbani kwake akamuuliza maswali mpaka ikawa kitabu, wanakula nini huko, wanavaa nini, wanasali vipi, na Torakichi akamjibu yote na kumtajia mlima aliofundishwa, Iwama, upande wa Hitachi. Huo mlima upo, siku hizi unaitwa Atago wa Kasama, mkoa wa Ibaraki, na kila mwezi wa 12 wanaume 13 waliovaa nguo nyeupe, ndo tengu 13 wa pale, wanaupanda bila kusema neno wakiweka sadaka kwenye vihekalu vya njiani, na umati uko nyuma yao unawatukana kwa nguvu zote, mjinga wewe, mpumbavu wewe, huku watu wanagombania zile sadaka maana atakaeipata mwaka wake utakuwa wa heri.