Maswali Yenu: Malalamiko Yamefika kwa Mwenyekiti, Mbwa Bado Tunaye

SWALI: Wiki tatu zilizopita mbwa wetu alichoropoka getini wakati bodaboda anaingiza mzigo, akamng'ata mguuni mtoto wa jirani wa miaka 9. Gharama za hospitali tulilipa. Baba wa mtoto alilalamika serikali ya mtaa, tukasaini kwamba mbwa atafungwa mnyororo usiku na mchana. Tangu hapo anabweka hadi alfajiri, jirani haitikii salamu, na mume wangu anataka apelekwe shambani kwa kaka yake. Tufanyeje?
Mama B., Kihonda, Morogoro

JIBU: Pole dada. Anzeni na mtoto kabla ya mbwa. Mnachosema mlilipa siku ile mara nyingi huwa ni sindano ya kwanza tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa awamu: siku ya tukio, ya 3, ya 7, na hospitali nyingine huendelea zaidi. Wazazi wengi huishia njiani kidonda kikishakauka au nauli ikikosekana. Ombeni kuona kadi ya mtoto, na kama kuna tarehe iliyorukwa, mpelekeni mtoto hospitali kwa gharama zenu na mhudumu aamue.

Halafu kuna habari njema ambayo huenda huyo baba hajaambiwa na yeyote. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili, na dalili zikianza hufa upesi. Ndiyo maana mbwa aliyeng'ata huangaliwa kwa siku 10. Wa kwenu amemaliza wiki tatu tangu ang'ate, anakula na kubweka, kwa hiyo siku ile mate yake hayakuwa na virusi. Mwiteni afisa mifugo wa kata amkague, aandike barua yenye tarehe ya tukio, tarehe ya ukaguzi na muhuri. Kama chanjo yake imepitwa, achanjwe siku hiyohiyo. Nakala ya barua na ya kadi ya chanjo ya mbwa mpelekeeni baba wa mtoto mkononi. Mzazi aliyelala wiki tatu na hofu ya kichaa ana haki ya kuishika karatasi hiyo.

Mnapokwenda, nendeni wewe na mumeo pamoja na mjumbe au mzee anayeheshimika kwa pande zote. Msiseme "mtoto alimchokoza", hata kama ni kweli. Sentensi hiyo huirudisha kesi mwanzo. Wala msimlazimishe mtoto amshike mbwa ili "azoee". Hofu ya mtoto hukaa miezi, na hilo si kosa lake.

Kuhusu mnyororo, hapa tunapingana na mlichosaini. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa hawezi kusogea kuchunguza kinachopita wala kukimbia kinachomtisha, hivyo hubaki na silaha mbili, kubweka na kung'ata. Kelele za usiku mnazozisikia zimetokana na hapo. Lakini msiyavunje makubaliano kimyakimya. Rudini kwa mwenyekiti mkiwa na pendekezo la maandishi: mbwa atakaa kwenye banda lililofungwa, atatoka nje ya geti kwa mkanda tu, akiwa mkononi mwa mtu mzima, amevalishwa kifunga mdomo. Chagueni cha wavu au kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, si kile cha kubana. Kila upande ubaki na nakala.

Banda la mita 2 kwa 3, urefu mita 1.8, linamtosha mbwa wa kawaida wa ulinzi. Wavu uzikwe sentimita 30 chini, maana mbwa atafukua. Upande unaotazama barabara zibeni kwa mabati ili asione kila anayepita, na msiliegemeze kwenye ukuta wa jirani. Jioni mtembezeni nusu saa ndipo ale. Akibweka, msimfokee kutoka dirishani. Kwake ni kama mmejiunga naye. Mfuateni, mwone anachobwekea, mwondoeni hapo.

Sasa geti, kwa sababu tukio lilianzia hapo. Tazameni lilivyofunguliwa siku ile: mtu alitoa komeo, bawa likaachwa wazi bodaboda apite, mbwa akiwa huru uani. Kuanzia leo komeo la banda lifungwe kwanza, ndipo la geti lifunguliwe, na kila anayeishi humo ajue, dada wa kazi na watoto pia. Mlango mdogo wekeeni springi ujifunge wenyewe, na komeo liwe juu, mtoto asipofika. Uwazi chini ya geti ukizidi sentimita 5, mwageni kizingiti cha zege.

Hili mlichukulie kwa uzito: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayezembea kuzuia hatari ya mnyama wake, na baada ya malalamiko ya kwanza hamtaweza kusema hamkujua kwamba anang'ata.

Shambani? Inawezekana, ila shemeji yako aambiwe yote, apewe na kadi. Kama kule kuna watoto na hakuna uzio, mtakuwa mmehamisha tatizo kwa watu wasiojua lolote.

SWALI: Mbwa wangu amemng'ata mpita njia jana. Vijana wa mtaa wanataka auawe leo. Chanjo yake imepitwa miezi minne. Nimchanje haraka?
Msomaji, Ukonga, Dar es Salaam

JIBU: Usimchanje leo, na asiuawe. Chanjo ya sasa haibadilishi kilichotokea jana, na akipata homa baada yake, utashindwa kujua ni sindano au ni ugonjwa. Subiri siku 10 zipite. Akiuawa leo mtapoteza njia rahisi ya kujua kama alikuwa mgonjwa, na aliyeng'atwa atabaki na wasiwasi. Waeleze vijana hivyo mbele ya mwenyekiti.

Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama jana alikiosha, aende hospitali leo bila kusubiri siku 10 za mbwa. Mtaarifu afisa mifugo. Mfungie mbwa peke yake, mlishe kwa kusukuma sahani, asiuzwe wala kuhamishwa. Kila asubuhi andika kama amekula, amekunywa, anatembeaje. Sauti ikibadilika, mate yakichuruzika, akishindwa kumeza au miguu ya nyuma ikilegea, usimguse. Piga simu kwa afisa mifugo saa hiyohiyo. Akifa, usimzike: kipimo hufanywa kwenye ubongo, kwa hiyo kichwa kisipondwe, na mzoga ukae kivulini hadi afisa afike.