Ushahidi wa watu wa karibu wa Habyarimana: nilichokisikia Arusha

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kuna faida yoyote kuwasikiliza watu wa ndani wa dikteta baada ya vita, maana wakifika mahakamani karibu wote husema hawakujua, au walitumwa. Faida ipo, tena kubwa, ila wengi tunaitafuta pasipo. Nitajibu kwa kesi ninazozifahamu, zile za Rwanda.

Nilisoma sheria, kisha nikaripotia redio moja hapa Arusha. Kwa miaka mingi nilikuwa naingia AICC, jengo la mikutano ya kimataifa, kusikiliza Mahakama ya Mauaji ya Kimbari, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda ya 1994. Mlikuwa mnakaa nyuma ya kioo, mnavaa hedifoni, mnachagua Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Shahidi anayelindwa akiingia pazia lilishushwa, mkabaki na sauti yake, na herufi tatu badala ya jina.

Rais wa Rwanda, Juvénal Habyarimana mwenyewe, hakuulizwa swali na jaji yeyote. Alitwaa nchi kwa nguvu Julai 1973, akafa 6 Aprili 1994 ndege yake ilipotunguliwa Kigali ikitokea mkutanoni Dar es Salaam. Walioletwa mahabusu ya Kisongo, hapa Arusha, ni waliomzunguka, na waliokalia viti vya serikali baada yake wakati watu wanachinjwa.

Watu wengi wanadhani kilele cha ushahidi wa namna hii ni mkubwa akikiri. Basi mtazame Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ile ya mpito. Alikamatwa Nairobi Julai 1997, na 1 Mei 1998 akakiri makosa yote sita, likiwemo la mauaji ya kimbari. Hakuna kiongozi wa serikali aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Aliwapa waendesha mashtaka karibu saa 90 za maelezo yaliyorekodiwa. Katika aliyoyakubali kuna moja ambalo mimi siwezi kulisahau: 3 Mei 1994, kwenye kikao, aliombwa ana kwa ana awalinde watoto walionusurika mauaji na waliokuwa hospitalini. Hakujibu. Watoto wale waliuawa siku hiyohiyo baada ya kikao.

Sasa angalia kilichofuata. Alipopewa nafasi ya kusema neno kabla ya hukumu, hakuomba radhi wala hakuonyesha huruma kwa waliokufa. Majaji waliliandika hilo wazi. 4 Septemba 1998 akapewa kifungo cha maisha. Akakata rufaa, akataka kufuta hata kule kukiri kwake, akagonga mwamba Oktoba 2000. Kwa hiyo mtu anaweza kukubali ukweli wa jambo bila moyo wake kulijutia. Ukisubiri machozi ndipo uamini ushahidi, utasubiri sana, na ukiyaona usiyape uzito kuliko maneno.

Kuna jambo jingine ambalo mawakili walilijadili sana korido zile. Kambanda alikiri akitegemea unafuu, akapata maisha. Wenzake mahabusu waliona. Sisemi adhabu ilizidi, kwa maoni yangu ilistahili. Lakini wakubwa waliofuata walikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza au kukana kila kitu.

Ndivyo alivyofanya Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya waziri wa ulinzi. Alipanda kizimbani kujitetea mwishoni mwa 2005. Alikana. Kukaa pale nyuma ya kioo ukisikia siku nzima ya maelezo ya mtu anayejitoa kwenye kila tukio kunachosha, na niliona waandishi wageni wakiondoka mapema. Nadhani walikosea. Ndani ya kukana kule mlikuwa na mambo ambayo hakuweza kuyakwepa: waziri wake alikuwa Cameroon, yeye ndiye aliyekuwepo, yeye ndiye aliyeongoza kikao cha maofisa usiku wa tarehe 6 kuamkia 7, na hapo ikakataliwa kumkabidhi hatamu waziri mkuu halali, mama Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa asubuhi ile. Majaji walijenga hukumu juu ya mamlaka aliyokuwa nayo siku zile, hawakuhitaji akubali. Hata hivyo shtaka la kula njama kabla ya 6 Aprili halikuthibitika kwao. Kifungo cha maisha cha 2008 kikapunguzwa kwenye rufaa kuwa miaka 35. Wengi tuliumia, lakini hiyo ndiyo tofauti ya kujua moyoni na kuthibitisha mahakamani.

Shahidi wa ndani aliyenifundisha zaidi ni Michel Bagaragaza, mkuu wa shirika la chai la serikali, mtu wa kundi la ndani kabisa la familia ya rais. Alijisalimisha mwenyewe 2005. Alikubali kwamba aliwaruhusu Interahamwe, wanamgambo waliofanya mauaji, kutumia magari, mafuta na wafanyakazi wa viwanda vya chai, na alitoa fedha zilizonunua pombe ya kuwatia ari wauaji. Hebu fikiri: dizeli ya kiwanda, funguo za pikapu, pesa ya pombe. Huyu hakuwa na hotuba ya kutueleza chuki ilianzaje. Alichotupa ni jinsi ofisi ya kawaida ya umma inavyogeuzwa kuwa chombo cha kuua kwa ruhusa ya meneja. Alifungwa miaka minane, 17 Novemba 2009. Siku moja kabla, shemeji yake rais, Protais Zigiranyirazo, aliachiwa huru na mahakama ya rufaa kwa sababu majaji wa chini walikosea namna ya kupima utetezi wake kwamba hakuwepo mahali pa tukio. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini nakiri siku mbili zile zilikuwa ngumu kuziripoti kwa wasikilizaji.

Na wakati mwingine shahidi bora wa ndani ni daftari. Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa familia na wanawake, alikana mashtaka mpaka mwisho. Ila shajara yake ya 1994 ilikuwa kielelezo kortini, na humo mliandikwa habari za vikao vya baraza la mawaziri, kwa mkono wake mwenyewe. Alihukumiwa Juni 2011, mwanamke wa kwanza kupatikana na hatia ya mauaji ya kimbari kwenye mahakama ya kimataifa.

Kwa hiyo mkuu, unaposoma ushahidi wa watu hawa, ruka sehemu wanazojieleza wao ni watu wa namna gani. Tafuta nani aliitisha kikao, nani alikuwepo, gari lilikuwa la nani, nani alisaini. Halafu linganisha na karatasi na walionusurika. Kumbukumbu za mahakama ile zipo Lakilaki, Arusha, na nyingi zinasomeka mtandaoni kwa Kiingereza na Kifaransa. Anza na hukumu ya Kambanda ya 1998. Ni fupi, utaimaliza jioni moja. Ya Bagosora iache baadaye, ni mamia ya kurasa.