Funzo lisilonitokea, niliandike?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina karakana ndogo ya kushona mikoba. Nimeshauriwa niandike LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na biashara, kila wiki nipate wateja. Nikifungua huko wote wanaandika mtindo mmoja: "Nilimfukuza mfanyakazi wangu bora. Nililia usiku kucha. Haya hapa mambo 5 niliyojifunza." Sentensi moja, nafasi, sentensi moja. Mimi sijawahi kumfukuza mtu. Juzi nilianza kutunga kisa cha mfanyakazi asiyekuwapo, nikaona aibu, nikafuta. Nimekosea, au biashara ndivyo ilivyo?
Mshonaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea hata kidogo.

Mtindo huo una sababu yake. Mtandao huonyesha mistari michache ya mwanzo, kisha hukata mpaka ubonyeze kusoma zaidi. Ndiyo maana kilio kinawekwa juu. Hilo halinisumbui. Linaloniuma ni kile ninachokikuta nikishabonyeza: amini ndoto yako, watu kwanza, kushindwa ni mwalimu. Kesho asubuhi ukikaa kwenye cherehani, utafanya nini na hayo?

Kabla ya safu hii nilikuwa mchapaji. Mwaka wa kwanza nilichapa vijitabu 2,000, rangi ya jalada ikiishia pale pale kwenye mstari wa kukatia. Karatasi hucheza kidogo mashine inapokata, nami sikulijua hilo. Vikatoka na uzi mweupe pembeni, mwembamba kama ncha ya ukucha. Mteja alipitisha kidole gumba juu ya ule weupe, akakirudisha kijitabu mezani bila neno. Tangu siku hiyo rangi nikawa naipitisha milimita 3 nje ya mstari. Ningeweza kuandika kwamba kosa lile lilinifundisha unyenyekevu. Mchapaji kijana angenisifu, kisha akaenda kuharibu vijitabu vyake.

Halafu kumbuka, unaowasoma ni waliosalimika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanatakwimu Abraham Wald alichunguza takwimu za ndege za kivita za Marekani zilizorudi na matundu ya risasi. Hoja yake ilikuwa kwamba pa kuogopa zaidi ni pale ambapo zilizorudi hazina matundu mengi, kwa kuwa zilizopigwa hapo ndizo ambazo hazikurudi. Waliofanya yale yale mambo 5 wakafilisika, huwaoni wakiandika.

Basi andika juu ya mshono. Mkoba wa kwanza kurudishwa na mteja, mkanda ulichomokea wapi? Ulikuwa umetumia uzi gani, na sasa unatumia upi? Pale penye uzito unarudia mshono mara ngapi? Weka picha ya palipochanika, kwa karibu, tundu za sindano zionekane. Huenda wakasoma wachache, lakini anayetafuta mtu wa kumshonea mikoba ataona kazi unaijua. Ukishaandika, niletee na mimi nisome. Huo mkanda nataka kujua ulichomokea wapi.