Barabara imekula mita 3 za kiwanja changu, fidia iko wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina kiwanja Goba, nilinunua 2019 kwa karatasi za serikali ya mtaa, hati bado. Juzi imekuja kampuni ya urasimishaji (wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa) wamepima, kwenye mchoro wamepitisha barabara ubavuni kwangu, mita 3 zimeenda na ukuta wangu sasa upo barabarani. Mjumbe anasema hakuna fidia. Ni kweli au tunaonewa? Halafu mama mdogo yupo Mkuranga kando ya barabara ya Kilwa, nyumba yake imepigwa X ya kijani, ya jirani nyekundu. Tofauti nini?
– Mama Junior, Dar

JIBU: Mama Junior hapo umeuliza vitu viwili, manake hizo barabara zina wenyewe tofauti.

Ya kwako ni ya mtaani, anayeipanga ni manispaa. Kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 halmashauri ndio mamlaka ya upangaji, yaani wao ndio wanaochora wapi nyumba, wapi shule, wapi njia, mchoro unaenda wizara ya ardhi ukipitishwa basi ile njia imeshatengwa hata kama leo kuna migomba na choo cha mtu. Tingatinga linaweza kuja baada ya miaka 15 na bado likawa halali. Ndio maana nawaambia watu kabla hujampa dalali hela nenda kwa afisa mipangomiji uone mchoro, hilo tu.

Sasa urasimishaji una utaratibu wake. Nyumba zimeshajengwa ovyo, kwa hiyo njia inapatikana kwa wenyewe kukubaliana, mnaitwa mkutano wa mtaa, kila mtu anachangia kipande na kwa kawaida fidia haipo, hapo mjumbe kasema kweli. Ila kuchangia ni kukubali. Uliza muhtasari wa mkutano na karatasi ya waliosaini, kama jina lako halipo andika barua manispaa mapema, kabla mchoro haujapita na bikoni (alama za mipaka) hazijafukiwa, kubadilisha mstari kwenye karatasi ni kazi ndogo. Mimi ningetoa hizo mita 3 kusema ukweli, kiwanja kisichofikika hata na gari la kunyonya choo nani atakinunua? Ukuta ndio ningeugombania, wasogeze kidogo upande wa pili kama kuna uwazi.

Ingekuwa una hati halafu halmashauri inataka kupitisha barabara katikati, hiyo ni utwaaji, yaani serikali inachukua ardhi yako, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati: thamani ya soko ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, ya makazi, ya usafiri.

Tuje Mkuranga. Ile ni barabara kuu, ipo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Zamani hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara (sio pembeni ya lami, wengi wanapimia hapo wanajidanganya), Sheria ya Barabara ya 2007 ikaipeleka mita 30. Jirani mwenye nyekundu anahesabiwa yupo ndani ya zile 22.5, kavamia, anatakiwa atoke bila malipo, labda athibitishe alikuwepo kabla barabara haijatengewa eneo. Mama mdogo yupo kwenye zile 7.5 za nyongeza, sheria ndio imemfuata yeye, kwa hiyo analipwa siku eneo lake likihitajika. Siku yenyewe haina tarehe na ndio karaha ya hiyo kijani, unakaa na rangi ukutani miaka na benki nayo inakuangalia kwa jicho la pembeni.

Asiongeze hata kibanda upande wa barabarani. Na asipime 30 mwenyewe akaridhika, aende ofisi ya TANROADS mkoa wa Pwani wamwambie hifadhi ya pale ni ngapi, manake kuna vipande vina hifadhi pana zaidi, waliobomolewa barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, 2017 wengi walikuwa mbali na lami kuliko hizo 30.