Marehemu Alizaliwa Lini?

Swali: Familia ya mwalimu wangu wa shule ya msingi imeniomba niandike wasifu wake, utakaosomwa siku ya mazishi. Nilianza na "Hayati Mwalimu", kisha jina lake. Mjomba wake mmoja akanirekebisha: hayati ni ya viongozi na watu mashuhuri, sisi wengine wote ni marehemu. Je, ni kweli?

Jibu: Kwanza pokea pole zangu. Pili, mwambie mjomba, kwa adabu anayostahili mtu aliyefiwa, kwamba ameshika nusu ya ukweli, na nusu yenyewe imechakaa.

Ukiyafuata maneno haya mawili mpaka yalikotoka, kwenye Kiarabu, hukuti cheo. Hayati inatokana na neno lenye maana ya uhai. Marehemu ni ndugu wa rehema: ni mtu aliyerehemiwa, au tuseme mtu tunayemwombea arehemiwe. La kwanza linadai kwamba huyu bado yu hai kwetu, la pili ni dua. Nani kasema dua ni daraja la pili? Na kama kuna kundi linalohitaji rehema kwa wingi, mjomba atakubali kwamba ni hao hao viongozi.

Kilichoyapanga maneno haya ni desturi. Tumesikia mno redioni Hayati Mwalimu Julius Nyerere, Hayati Mzee Jomo Kenyatta, Hayati Profesa Wangari Maathai, hata masikio yakakariri kwamba hayati ni joho la kuvalishwa wakubwa. Desturi sipigani nayo, lakini isijifanye sarufi. Hakuna kanuni inayokuzuia kumwita mwalimu wako hayati, wala Nyerere hashuki ngazi ukimwita marehemu. Isitoshe joho lenyewe huchakaa. Mkwawa alikufa mwaka 1898 na mashuhuri ni mashuhuri, ila bado sijamsikia mtu akisema "Hayati Mkwawa", sembuse "Marehemu Fumo Liyongo". Maneno haya ni ya watu ambao viti vyao bado vina joto. Kiti kikipoa, mtu hubaki na jina lake, kama analo.

Swali lako limeishia hapo. Lakini umetaja wasifu wa kusomwa msibani, na kwa kufanya hivyo umenichokoza mwenyewe. Keti.

Nimehudhuria mazishi mengi kuliko ninavyopenda, na katika mengi ya hayo nimesikia karatasi moja ikisomwa. Wanaozikwa hubadilika, karatasi haibadiliki. Huanza hivi: "Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba."

Alizaliwa marehemu! Mkunga hakushtuka? Mama yake hakulia? Hapana, karatasi inaendelea bila wasiwasi: "Marehemu alianza darasa la kwanza." Namwona mwalimu na daftari la mahudhurio, anaita majina, na marehemu anajibu kutoka dawati la nyuma, "Nipo!" Marehemu akafaulu mitihani. Marehemu akaajiriwa, na mwajiri hakuona tatizo lolote. Kisha, "marehemu alifunga ndoa takatifu," na hapo huwa nawahurumia wakwe, waliopokea posa ya maiti na kuikubali. "Marehemu alijaliwa watoto watano." Makubwa. "Katika ujana wake marehemu alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa miguu." Timu pinzani ilikuwaje, jamani?

Tunafika ukurasa wa pili. "Marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi ya moyo." Si ajabu, kwa maisha aliyopitia. Ndipo inapokuja sentensi ninayoingojea kila mara kama mtu anavyongoja radi baada ya kuona mwanga: "Madaktari walijitahidi sana kuokoa maisha ya marehemu, lakini ilishindikana." Ilishindikana! Na mwishowe, "marehemu alifariki dunia." Kwa mara ya pili, nadhani, au ndiyo alikuwa anaikamilisha ile ya kwanza aliyoianza siku ya kuzaliwa.

Mahakamani ndiko mambo yalikokomaa zaidi. Kila wiki tunasoma kwamba mshtakiwa anadaiwa kumuua marehemu. Kama alikuwa marehemu tayari, mshtakiwa aachiwe aende zake. Lakini wanasheria nawasamehe: wao wana mshtakiwa, mlalamikaji, shahidi wa kwanza, shahidi wa pili, na marehemu wao ni mmoja wa wahusika hao wasiokuwa na sura. Kazi yao haitaki sura. Wewe yako inaitaka.

Najua kuna atakayeniandikia kuniambia kwamba sarufi haina kosa hapo. Tunasema "Rais alizaliwa mwaka fulani" bila kudhani kwamba alitoka tumboni na msafara wa magari. Neno linamtambulisha mtu kwa hali aliyo nayo leo. Nakubali. Nimekubali tangu zamani, kwa shingo upande. Mtu akiandika "marehemu alizaliwa" mara moja, mimi hukohoa kidogo na kunyamaza. Kinachonitoa kwenye kiti ni pale neno hilo linapoandikwa mara ishirini na sita katika kurasa mbili (nimehesabu, msibani kuna muda wa kuhesabu) na jina la mtu mara moja tu, juu kabisa, kwenye kichwa cha habari.

Hapa ndipo mjomba anapokuwa na ukweli asioujua. Tazama tabia za maneno yenyewe. Hayati haisimami peke yake. Hatusemi "mwili wa hayati umewasili", wala "hayati ameacha mjane". Ni neno la kutangulia, lazima lifuatwe na jina, na kwa hiyo kila likitajwa jina nalo linatajwa. Marehemu ni tofauti: hutangulia jina likitaka, na likitaka husimama lenyewe, likaketi mahali pa jina, likala chakula chake. Matokeo yake ni kwamba mkubwa akifa anabaki na jina, mdogo akifa anageuka marehemu, mmoja kati ya marehemu wengi. Hakuna anayesema "marehemu alituhimiza tujitegemee" akimaanisha Nyerere. Tunasema Mwalimu. Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na hadi leo ukisema Mwalimu kwa herufi kubwa, Mtanzania hakuulizi mwalimu yupi.

Jina si pambo. Chukua Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1950 na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Alipozaliwa kule Fumba hakuwa Siti, alipewa jina la Mtumwa. Siti, yaani bibi wa kuheshimiwa, lilikuja baadaye, pamoja na sauti na sifa. Kutoka Mtumwa hadi Siti: maisha yote yamo katika hatua hiyo moja. Sasa mpe kazi yule mwandishi wa karatasi yetu: "Marehemu alizaliwa Fumba. Marehemu alikuwa mwimbaji." Kisa kimezikwa kabla ya mwenyewe.

Shaaban Robert huyo huyo alipofiwa na mkewe alimtungia shairi. Hakumwita marehemu wangu. Alimwita Amina, akamsemesha kama aliyeketi mbele yake, na neno kufa akalitamka bila kulifunika kanga. Siku hizi hata hilo limekuwa mwiko. Wakubwa wanatutoka, na pengo lao halizibiki kamwe, ingawa kiti huzibwa ndani ya wiki mbili. Abiria wa basi lililopinduka wao "wamepoteza maisha", kama mtu aliyepoteza funguo, na huenda wakishuka na kuangalia vizuri chini ya viti watayaona. Wamekufa, ndugu zangu. Au wamefariki dunia, ukitaka upole, na dunia usiidondoshe, maana kufariki asili yake ni kuachana na kitu, ndiyo maana kuna kufarakana. Ukisema "amefariki" peke yake, mimi mzee nabaki nikiuliza kaachana na nani. Lakini hilo nimeshashindwa, wote wanasema hivyo, hata mimi siku nikiwa na haraka.

Turudi kwa mwalimu wako. Andika "Hayati Mwalimu" na jina lake lote, hapo mwanzo, mara moja. Mjomba akinuna sana, weka Marehemu, hutakuwa umekosea chochote. Kuanzia sentensi ya pili acha vyote viwili. Mtoto aliyezaliwa mwite jina aliloitwa na mama yake. Akianza shule, mwache awe mwanafunzi, tena utuambie kama alikuwa mtoro. Akishaingia darasani na chaki mkononi, ndipo awe Mwalimu, na abaki Mwalimu mpaka mwisho, maana hicho ni cheo alichokifanyia kazi mwenyewe, na Nyerere hatachukia kugawana naye. Tuambie alikuwa akiandika ubaoni kwa mkono gani na mlimpachika jina gani la utani, kama linasemeka mbele ya watu wazima. Neno marehemu lirudi mwishoni, kwenye mwili wa marehemu na dua ya marehemu, mahali lilipozaliwa.

Jambo moja la kukuandaa. Siku yenyewe karatasi yako itachukuliwa na mtu mwingine, mwenye sauti nzito na kipaza sauti, ambaye hataisoma kabla. Jua litakuwa kali na watu wamesimama. Ataifungua, atakohoa, ataruka sentensi yako nzuri ya kwanza, na kutoka kichwani mwake atasema, "Marehemu alizaliwa…" Mwache. Mimi nitakuwa nimesimama huko nyuma, nikihesabu.